Vipele vya Upande wa Baba

Mlandege, Iringa. Jumatatu, 26 Mei 2025

Baridi imeingia. Asubuhi chuma cha mashine ya kufumia kilikuwa hakishikiki. Nina masweta ya shule mia na ishirini ya kumaliza kabla wanafunzi hawajarudi mwezi wa saba, na mkono wa kushoto umeanza kuuma pale kwenye vipele, kama kila mwaka.

Saa nne Timotheo alipiga simu kutoka Mbalizi. Ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, fundi seremala, mtu wa utani. Leo hakutania.

"Dada, siku ya tatu hii nakojoa damu."

Nikamwuliza kama anasikia maumivu. Akasema hapana, ndiyo maana alidhani ni kichocho, akanunua dawa, akameza, na damu bado inakuja. Anayejua ni mkewe tu, Atuganile.

Nimemwambia nakuja. Sikumwambia kwamba baba naye alianza hivyo hivyo, bila maumivu. Wakati ule Timotheo alikuwa na miaka tisa, hakuambiwa kitu. Mimi nilikuwa na kumi na minne, na ndimi niliyekuwa namwaga ndoo.

Jumanne, 27 Mei

Mikono kumi na miwili ya sweta. Sijamwambia Blandina. Mwanangu ana mitihani chuoni.

Mbalizi. Alhamisi, 29 Mei

Nimefika jioni. Timotheo alinipokea stendi, akanibebea mfuko, akasema nimenenepa. Karakana yake ina vitanda vitatu ambavyo havijapigwa vanishi. Atuganile alipika wali na maharage, akaniwekea sahani kubwa kuliko ya mumewe. Watoto walipotoka nje aliniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, anaamka anachungulia choo kabla sijaona, halafu anamwaga maji ndoo nzima. Anadhani sijui."

Ijumaa, 30 Mei

Hospitali ya rufaa, Mbeya. Tumekaa kwenye benchi tangu saa moja, upepo unapita koridoni kama una haraka zake.

Picha imeonyesha uvimbe kwenye figo ya kushoto, mkubwa kama limau. Daktari ni mwanamke kijana, anaitwa Devotha. Alisema jambo hilo taratibu akimtazama Timotheo, si karatasi. Timotheo akauliza, "Kama limau la sokoni au la shambani?" Hakuna aliyecheka, naye hakutegemea tucheke.

Kisha daktari akamwambia avue shati ampime kifua. Vidole vyake vilipopita begani Timotheo akaruka.

"Hivi vipele unavyo tangu lini?"

"Tangu ujana. Ni vya ukoo, daktari. Nyumbani tunaviita vipele vya upande wa baba. Vinauma wakati wa baridi."

Daktari akaacha kupima. Akanigeukia. Mimi nilikuwa nimeushika mkono wangu wa kushoto, kama ninavyofanya siku nzima bila kujua.

"Na wewe, dada, unavyo?"

Nikapandisha mkono wa sweta. Akavitazama vipele vyangu kumi na saba, vyekundu vya kahawia, vimejipanga kuanzia kiwiko kwenda juu. Hakuvigusa. Ni mtu wa kwanza maishani mwangu kuviona na kukumbuka kutovigusa.

Akauliza kama nimewahi kuwa na uvimbe kwenye kizazi. Nikamwambia nilitolewa kizazi nikiwa na miaka ishirini na tisa, baada ya kumpata Blandina peke yake. Kalamu yake ikasimama. Akauliza kuhusu baba. Nikasema alikufa na miaka arobaini na minne, kwa figo, wengine walisema kwa tumbo. Akauliza kama baba alikuwa na dada.

Kwetu jina la dada huyo halitajwi. Timotheo akanitazama, akasema yeye mwenyewe: "Yupo mmoja. Shangazi Rozalia. Hatujui kama yuko hai."

Jumapili, 1 Juni

Kaka yetu mkubwa, Sosthenes, amepiga simu kutoka Ifunda baada ya ibada. Ni mzee wa kanisa, ndiye aliyebaki kwenye shamba la baba. Nilimweleza habari za picha. Akasema, "Yule mama hajamaliza."

Niandike jambo hili mara moja, maana sijawahi kuliandika.

Shangazi Rozalia alirudishwa na mumewe kwa sababu hakuzaa. Madaktari wa misheni walimtoa kizazi akiwa na miaka thelathini na mmoja. Akaja kukaa kwetu. Alinisuka nywele kila Jumamosi mpaka nikamaliza darasa la saba. Baba alipougua, watu wakaanza kusema mwanamke asiye na mtoto ana wivu na watoto wa kaka yake, na kwamba ile mikono yake anayoificha ina alama za kazi ya uchawi. Baba akazikwa Ijumaa. Jumamosi, Sosthenes, akiwa na miaka ishirini, alibeba mzigo wa shangazi na kuuweka kando ya barabara kuu. Shangazi aliita majina yetu moja moja ili atuage. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Aliita "Evarista" mara tatu. Sikutoka.

Ni miaka ishirini na tisa.

Jumanne, 3 Juni

Leo Daktari Devotha alitukalisha sote watatu, Timotheo, Atuganile na mimi. Naandika kama nilivyoelewa.

Kila chembe ya mwili inachoma chakula ipate nguvu. Haichomi mara moja, inakwenda hatua kwa hatua, kitu hiki kinageuzwa kuwa kile, mpaka mwisho wa mzunguko. Kila hatua ina mfanyakazi wake. Mmoja anaitwa fumarasi, na kazi yake ni kugeuza kitu kinachoitwa fumareti. Mfanyakazi huyo akikosekana, fumareti inarundikana ndani ya chembe, na chembe inadhani imekosa hewa hata kama hewa ipo tele. Basi inaanza kula sukari kwa pupa, inaita mishipa mipya ya damu ije, na inakua bila breki.

"Kwa nini akosekane?" nikauliza.

Akasema maelekezo ya kumtengeneza yako kwenye jeni, na kila mtu ana nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Kuna familia ambazo nakala moja ina kosa tangu kuzaliwa. Mtu anaishi vizuri tu kwa nakala iliyobaki. Lakini ikitokea chembe moja ya ngozi ikaipoteza na ile nzima, inatoka kipele. Ikitokea kwenye kizazi, unatoka uvimbe. Ikitokea kwenye figo, ni saratani, tena ya haraka. Hajathibitisha bado. Anashuku.

Atuganile aliuliza alichokuja kuuliza. "Kwa hiyo, daktari, si mtu amefanya?"

"Si mtu amefanya, mama. Si laana, wala si kosa la yeyote."

"Na watoto wangu?"

"Kila mtoto wa mwenye kosa hilo ana nafasi nusu kwa nusu. Mwingine anarithi, mwingine harithi. Anayejulikana mapema tunampima kila mwaka, na uvimbe tunauwahi ukiwa mdogo."

Atuganile akachukua mkono wa mumewe, akauweka mapajani mwake, akaufunika kwa kitenge. Alikuwa na uso wa mtu anayepanga mambo.

Upasuaji ni tarehe kumi na saba. Daktari amesema ingemsaidia sana kujua historia ya shangazi. Nimesema nitamtafuta.

Iringa. Alhamisi, 5 Juni

Dereva mmoja wa lori wa hapa Mlandege anamfahamu mama mzee wa Kihehe anayeitwa Rozalia, muuza vitunguu Ruaha Mbuyuni. Anavaa gauni lisilo na mikono, alisema, hata wakati ambao wengine wanajifunika.

Ruaha Mbuyuni. Jumamosi, 7 Juni

Basi lilishuka mteremko wa Kitonga na joto likaanza kupanda ndani ya gari kama maji. Nilivua sweta, halafu koti la ndani. Tulipofika chini mkono wangu ulikuwa umenyamaza.

Nilimkuta nyuma ya kibanda, amekaa kwenye kigoda, anakata majani ya vitunguu kwa kisu kifupi na kuvirusha kwenye kapu. Mikono yake ilikuwa wazi mpaka mabegani. Vipele vilikuwa vingi kuliko vyangu mara tatu. Sijawahi kumwona mtu wa ukoo wetu amekaa na mikono wazi mbele ya watu.

"Kamwene, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Evarista. Wa Saulo."

Kisu hakikusimama. Alikata kitunguu kingine, kisha kingine. "Saulo alikuwa na Evarista mmoja. Alikuwa mwembamba."

"Nimenenepa, shangazi."

Akanisogezea kigoda kwa mguu. Nikakaa. Akanipa kisu kingine, tukakata vitunguu mpaka kapu likajaa. Mwishowe akasema, "Hamkuja miaka yote. Leo umekuja. Mtu anaumwa."

"Timotheo."

"Anakojoa damu."

Nikaitikia. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa barua anayoijua. "Baba yetu alianza hivyo. Dada yetu Yusta alianza hivyo, ninyi hamkumkuta, alikufa na miaka thelathini na sita. Halafu Saulo, baba yako. Nilimwambia mama yako: hii inatembea kwenye nyumba yetu, mpelekeni hospitali kubwa. Wakasema, amejuaje kabla? Aliyejua kabla ndiye aliyetenda. Basi."

Nilimweleza yote aliyosema daktari, mpaka fumarasi. Nilieleza vibaya, nikarudia. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu. "Na kizazi changu, ni hiyo hiyo?"

"Ni hiyo hiyo, shangazi. Na changu pia."

Akafumbua macho. "Na wewe walikutoa?"

"Ndiyo."

"Mume?"

"Alioa mwingine."

Akaweka kisu chini. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili yenye harufu ya vitunguu, akakilaza kwenye magoti yake, kama zamani aliponisuka. Nikalia huko huko nikamwambia kuhusu mlango wa jikoni. Nikamwambia nilisikia mara zote tatu.

"Nilikuona," alisema. "Kanga yako ilikuwa inaonekana chini ya mlango. Nilikuita ya pili na ya tatu ili usikie sauti yangu tu. Sikutaka utoke. Wangekupiga."

Jumapili, 8 Juni

Nimelala kwake. Asubuhi nilimwuliza kwa nini alichagua Ruaha Mbuyuni. Akasema hakuchagua. Gari la kwanza lililosimama pale barabarani lilikuwa linashuka Kitonga. Hapa alishuka kununua maji, akagundua mikono haiumi. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na mikono ilikuwa haijawahi kutouma wakati wa kipupwe. Akaacha gari liondoke.

Iringa. Alhamisi, 12 Juni

Blandina amemaliza mitihani. Nilimweleza jioni tukimenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mimi nusu kwa nusu?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kumenya. Alimenya vingi kuliko tunavyoweza kula.

Jumamosi, 14 Juni

Masweta ya shule yamesubiri. Nimefuma moja kubwa, la kijivu, nikashonea kitambaa laini cha pamba ndani ya mikono yote ili sufu isiguse ngozi. Sijui kwa nini sikuwahi kujifanyia mwenyewe.

Mbeya. Jumanne, 17 Juni

Siku ndefu kuliko zote. Naandika nikiwa kwa Atuganile.

Shangazi alifika jana jioni kwa basi. Sikumwomba. Alinipigia tu akasema nimwambie wapi ashuke. Ana miaka sabini na sita, na Mbeya ilikuwa na ukungu mzito. Aliposhuka midomo yake ilikuwa imekaza kwa maumivu. Nilimvalisha lile sweta pale pale stendi. Alipitisha mkono wa kwanza kwa hofu, kisha wa pili haraka. Akajishika mikono kifuani. "Haliumi," alisema, kama mtu anayelalamika.

Nilikuwa na wasiwasi Atuganile atampokeaje. Ndugu zake wa Tukuyu walikuwa wameshaanza maneno. Atuganile alitoka mlangoni, akapiga magoti kwenye udongo mbichi, akasema, "Ndaga, mama, asante. Umetoka mbali kwa ajili ya mume wangu." Akamwongoza mpaka jikoni, akamkalisha karibu na moto kuliko sisi wote.

Leo saa mbili walimchukua Timotheo. Kabla hajaingia aliomba kuongea na shangazi. Hakuwa amemwona tangu akiwa na miaka tisa. Alimwambia, "Shangazi, ulikuwa mrefu zaidi." Shangazi akamjibu, "Wewe ulikuwa mfupi, ndiyo maana." Wakacheka wote wawili, na kitanda kikasukumwa.

Saa nne Sosthenes akaingia koridoni. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri, amevaa koti lake jeusi la kanisani. Alituona, akamwona na shangazi. Akasimama. Shangazi alimtazama tu, bila chuki na bila tabasamu. Sosthenes hakusalimia. Alikwenda kukaa benchi la mwisho kabisa, akafungua Biblia na hakugeuza ukurasa hata mmoja.

Saa saba daktari mpasuaji alitoka. Wametoa figo yote na tezi zilizo karibu. Timotheo anapumua vizuri. Nilipogeuka kumwambia Sosthenes, benchi lilikuwa tupu.

Alhamisi, 19 Juni

Shangazi anamlisha uji kwa kijiko. Timotheo anasema uji una harufu ya vitunguu. Anaumaliza.

Jumatatu, 23 Juni

Mvua ya rasharasha isiyo ya msimu. Timotheo ametembea mpaka dirishani na kurudi.

Iringa. Ijumaa, 4 Julai

Nimemaliza masweta yote mia na ishirini. Nimelala saa kumi nzima.

Mbeya. Jumatano, 9 Julai

Majibu ya maabara. Daktari Devotha alikuwa sahihi: kwenye ule uvimbe, fumarasi haipo kabisa. Na kati ya tezi kumi na moja walizotoa, moja ilikuwa imeshaguswa na saratani.

"Hiyo moja inamaanisha nini?" aliuliza Timotheo.

Daktari alivuta kiti akakaa, magoti yao yakawa yanakaribiana. "Inamaanisha siwezi kukuambia imekwisha. Tumeitoa yote tuliyoiona. Tutakupiga picha kila miezi mitatu. Ikirudi, kuna dawa tutajaribu. Lakini sitakuficha kitu."

"Vitanda vitatu," alisema Timotheo. "Nina vitanda vitatu vya watu. Naweza kupiga vanishi?"

"Usiinue vizito. Vanishi piga."

Tumetolewa damu, Timotheo, mimi na shangazi, ipelekwe nje ya nchi kupimwa hiyo jeni. Itachukua mwezi. Nilimpigia Sosthenes nikamwambia naye aje. Alisema damu yake ni ya Mungu, akakata simu.

Iringa. Jumatano, 16 Julai

Baridi kali. Nimejifumia sweta lenye pamba ndani.

Jumatatu, 21 Julai

Leo nimemkuta Blandina mbele ya kioo, amevua blauzi, anajitafuta mgongoni. Aliponiona alivaa haraka. Nimekwenda kuchemsha chai nikaiacha ikamwagika.

Jumapili, 27 Julai

Shangazi amepiga simu. Vitunguu vimekubali mwaka huu. Aliuliza habari za Timotheo, kisha Blandina, kisha, baada ya kusita, "Na yule mkubwa, hajambo?"

Mbeya. Jumatatu, 11 Agosti

Majibu yamefika. Sote watatu tunalo kosa hilo. Kosa ni lile lile, kwenye jeni ile ile, herufi moja tu.

Mimi nilishapigwa picha Ijumaa. Figo zangu zote mbili ni safi mwaka huu. Daktari alisema "mwaka huu" kwa upole, lakini alisema. Nitarudi kila mwezi wa nane.

Timotheo alinisindikiza mpaka getini. Ameshuka kilo nyingi, suruali ameifunga kwa kamba ya karakanani. Nikamwambia naona vibaya kuwa mzima. Akasema, "Dada, mmoja wetu lazima awe na nguvu za kubeba mfuko." Akanikabidhi mfuko wa viazi alionibebea.

Iringa. Jumamosi, 16 Agosti

Sosthenes amekuja Mlandege bila taarifa. Blandina alikuwa sokoni. Kaka alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia mapajani. Nilimpa chai, hakuinywa. Nikaendelea kushona vifungo kwa sababu sikujua la kufanya.

Akasema, "Funga mlango."

Nikafunga. Akavua koti. Akafungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, akateremsha shati upande wa kulia. Bega lote na sehemu ya mgongo vilikuwa vimejaa vipele. Viliungana kama mkeka.

"Tangu lini, kaka?"

"Nilikuwa na kumi na tisa. Mwaka mmoja kabla baba hajafa."

Sikuelewa mara moja. Yeye akaona sijaelewa.

"Walipoanza kusema mikono ya shangazi ina alama za kichawi, mimi nilikuwa nazo mgongoni. Wangeziona wangesema ni wawili, amemfundisha. Ndiyo maana mimi mwenyewe nilibeba mzigo wake. Nilitaka waone ni mimi ninayemtoa."

Maisha yangu yote nimemjua kaka yangu kama mtu mgumu. Anavaa mikono mirefu hata kwenye joto la mwezi wa kumi na moja, hataki kukumbatiwa, hataki watoto wamrukie mgongoni. Nilidhani ni majivuno. Leo nimemwona mtu wa miaka arobaini na tisa ambaye hajaguswa begani kwa miaka thelathini kwa sababu inamwuma na anaogopa.

Nilichukua kipande cha pamba laini kilichobaki, nikamfunika bega. Nikamwuliza, "Inauma hapo?"

"Hapana," alisema. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Jumanne, 19 Agosti

Sosthenes amekwenda Ruaha Mbuyuni peke yake. Sina amani.

Alhamisi, 21 Agosti

Shangazi amepiga simu, akanieleza kwa ufupi wake.

Sosthenes alifika juzi saa sita mchana, akapiga magoti nje ya kibanda mbele za watu wote wa soko, na koti lake jeusi. Akasema maneno mengi. Shangazi alimwacha aseme mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Vua koti, utakufa na joto. Halafu shika kisu."

"Umemsamehe, shangazi?"

Nilisikia malori yakipita. "Sijui bado. Jana niliamka na hasira kama ya siku ile ile. Lakini amekata magunia manne, na amekubali kwenda kupimwa. Nimemwambia akimaliza msimu wa vitunguu nitamwambia."

Alhamisi, 28 Agosti

Baridi inaondoka. Timotheo amepigwa picha ya kwanza baada ya upasuaji. Hakuna kipya. Atuganile alinipigia, akasema neno hilo mara mbili, halafu akalia.

Jumapili, 31 Agosti

Tulikuwa tunaanua nguo, Blandina na mimi. Alikuwa upande wa pili wa kamba, shuka katikati yetu, simwoni uso.

"Mama, nikuulize?"

"Uliza."

"Ungekuwa unajua yote haya, kabla. Ungenizaa?"

Nilishika shuka. Nilitaka kujibu haraka, nikajizuia, kwa sababu mtoto aliyesubiri miezi miwili kuuliza swali anastahili jibu lililofikiriwa. Nikamwambia, "Niachie mpaka kesho." Akasema, "Sawa." Tukakunja shuka pamoja, pembe kwa pembe.

Mbeya. Jumatano, 3 Septemba

Sikumjibu Jumatatu. Sikumjibu jana kwenye basi, ingawa alikaa dirishani na mimi pembeni kwa saa sita na hakunidai.

Alichagua mwenyewe kupimwa. Daktari Devotha alimwambia anaweza kusubiri, hakuna wa kumlazimisha, na akishajua hawezi kurudi kutojua. Blandina akasema ameelewa. Wakamwita jina lake kamili. Akasimama, akaanza kwenda, akageuka kunitazama.

Nilimfuata mpaka pale mlangoni.

"Ningekuzaa mapema zaidi," nilimwambia. "Nilikuzaa na miaka ishirini na mitatu. Ningejua, ningekuzaa na kumi na tisa. Tungekuwa na miaka minne ya nyongeza, na labda ungekuwa na mdogo wako."

Alinitazama kwa muda, akijaribu kuona kama namfariji tu. Kisha akapandisha mkono wa blauzi mpaka begani, akaingia, akamnyooshea muuguzi mkono.

Mlango waliuacha wazi. Nilisimama mahali ambapo anaweza kuniona.